Mwandishi Akitoka Studioni, Kazi Yetu Ndiyo Inaanza





Katika wilaya za Ngara na Biharamulo habari nyingi za maana huingia nyumbani kwa njia ya masikio. Bei ya kahawa, matangazo ya misiba, mahubiri, siku za chanjo, hali ya usalama ng'ambo ya mpaka: yote haya tumezoea kuyasikia redioni kabla ya kuyasoma mahali popote. Si ajabu basi kwamba hata kitabu kipya mara nyingi hutufikia kwanza kama sauti. Mtangazaji humkaribisha mwandishi, wakazungumza nusu saa au saa nzima, wasikilizaji wachache wakapiga simu, kisha inawekwa kwaya na kipindi kinaisha.

Swali letu katika toleo hili ni dogo lakini lina uzito: baada ya kwaya hiyo, kitabu kinakwenda wapi? Mama aliyesikiliza akiwa jikoni, akakipenda kile kisa, atakipata wapi? Na kama hatakipata, je, tumemsaidia au tumemwonjesha tu?

Makala hii inaeleza namna mazungumzo ya mwandishi redioni yanavyofanya kazi, mahali yanapokwama, na sehemu ambayo si ya mtangazaji wala ya mwandishi bali ni yetu sisi wa parokia na ninyi mnaochangia.

Kwa nini redio ina uzito huku kwetu

Wana Ngara hawahitaji kukumbushwa siku za mwisho wa Aprili 1994. Kwa ajili ya wafadhili walio mbali tunaeleza kwa kifupi. Tarehe 28 na 29 Aprili, wakati mauaji ya kimbari yakiendelea Rwanda, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia wilayani Ngara kwa muda wa saa 24 hivi. Benaco, mahali palipokuwa kimya, pakawa kambi yenye watu wengi kuliko miji mingi ya nchi yetu.

Mwaka uliofuata, 1995, Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi (JRS) lilianzisha Radio Kwizera mjini Ngara. Neno kwizera, kwa Kirundi na Kinyarwanda, lina maana ya kuamini na kutumaini. Jina hilo lilikuwa na uzito wake. Huko Rwanda redio nyingine, RTLM, iliyoanza mwaka 1993, ilikuwa imetumika kuchochea chuki na kuelekeza mauaji. Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Wakimbizi wengi wa Rwanda walirudi kwao Desemba 1996, lakini Radio Kwizera ilibaki, ikawahudumia wakimbizi wa Burundi na wenyeji wa vijiji vyetu.

Tunataja historia hii kwa sababu moja. Watu wa mpakani wanajua, kuliko wengi, kwamba sauti ya redio inaweza kuua na inaweza kuponya. Kwa hiyo mtu anapokaa mbele ya kipaza sauti na kusema "nimeandika kitabu", hilo si jambo la burudani tu. Wasikilizaji wengi huamini kwamba aliyefika redioni amekwisha kuchunguzwa. Imani hiyo ni mtaji, na mtaji hutunzwa.

Kabla ya kipindi: mtangazaji asome

Kipindi kizuri cha mwandishi huanza siku nyingi kabla ya siku ya matangazo. Jambo la kwanza ni kwamba mtangazaji awe amekisoma kitabu chote. Linaonekana ni jambo la wazi, lakini hapo ndipo vipindi vingi huharibika.

Mtangazaji ambaye hakusoma hutambulika haraka. Huuliza maswali matatu: kitabu chako kinahusu nini, nini kilikusukuma kuandika, na una ujumbe gani kwa jamii. Maswali hayo unaweza kumwuliza mwandishi yeyote wa kitabu chochote, na majibu yake hufanana. Msikilizaji husikia hotuba, hasikii kitabu.

Aliyesoma huuliza tofauti. Tuchukue mfano wa riwaya ya kubuni inayosimulia habari za mjane. Mtangazaji atasema: "Mama, katika sura ya tatu umemfanya mjane arudi kwa kaka yake. Kwa nini hukumwacha kwenye shamba alilolima na mumewe?" Hapo mwandishi hawezi kujibu kwa maneno ya jumla. Na huko vijijini wako wajane, wako mashemeji, na ziko koo zenye mashamba, na wote wanageuza masikio. Kitabu kimekwisha kuingia nyumbani mwao.

Jambo la pili ni idhini. Kusoma kitabu kizima hewani, sura baada ya sura, bila ruhusa ya mwenyewe au mchapishaji wake ni kuvunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999. Kusoma kipande kifupi kwa ajili ya kukijadili ni jambo jingine, na mwandishi akiwapo studioni mwenyewe ndiye anayekichagua. Vizuri kipande kiwe cha dakika mbili au tatu, kisomwe taratibu, kwa sababu anayesikiliza anapepeta maharage au anachochea kuni na hawezi kurudisha ukurasa nyuma.

Jambo la tatu ni lugha. Vitabu vingi vilivyoandikwa kuhusu sehemu zetu haviko katika lugha ambayo mwenyeji angesoma kwa raha. Israel Katoke aliandika historia ya ufalme wa Karagwe, majirani zetu wa kaskazini, ikachapishwa Nairobi mwaka 1975 kwa Kiingereza. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba aliandika juu ya kanisa na ukoo katika nchi ya Wahaya, kitabu kikatoka mwaka 1974, nacho kwa Kiingereza. Mwaka 2010 mtafiti Simon Turner alitoa kitabu kizima kuhusu maisha ya Warundi katika kambi ya Lukole, hapa hapa Ngara. Ni wangapi kati yetu tuliouza ndizi na maharage katika soko la Lukole tuliokisoma? Redio ina uwezo wa pekee hapa. Mwandishi au mtu aliyekisoma vizuri anaweza kukieleza kwa Kiswahili, na msikilizaji akapiga simu kusema, "Hapo amekosea, mimi nilikuwapo." Hiyo ni haki ya watu walioandikwa: kuambiwa kilichoandikwa juu yao, na kujibu.

Wakati wa kipindi: mambo madogo yenye faida

Waliozoea kazi hii wanajua kwamba watu hufungulia redio katikati ya mazungumzo. Kwa hiyo jina la kitabu na la mwandishi hutajwa mwanzoni, katikati na mwishoni, na hutajwa polepole kiasi cha mtu kuandika. Hutajwa pia mahali kitabu kinapopatikana, na bei yake. Mwandishi anayesema tu kwamba kitabu chake kinapatikana katika maduka yote ya vitabu anawafukuza wasikilizaji wa Rulenge au Nyakanazi bila kujua, maana duka la jirani linauza madaftari, kalamu na vitabu vya darasani basi.

Suala la simu nalo linahitaji kufikiriwa. Wanaopiga mara nyingi ni wale wale, na mara nyingi ni wanaume, kwa kuwa salio la simu na simu yenyewe vimo mfukoni mwa baba. Ukisikiliza kipindi kwa makini utagundua kwamba kitabu kuhusu mjane kinajadiliwa na wanaume wanne. Njia mojawapo ya kurekebisha hili ni kupokea maswali kutoka kwenye vikundi. Kikundi cha akina mama kinasikiliza pamoja, kinakubaliana swali moja, na katibu wake analituma. Sauti za watu ishirini zimepita kwa gharama ya ujumbe mmoja.

Tena mwandishi si mjuzi wa kila kitu. Mwandishi wa ile riwaya ya mjane ataulizwa habari za sheria ya ardhi. Anaweza kusema kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 haitambui mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi, na kwamba mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Mwanza, katika shauri maarufu lililotoka mkoa wetu wa Kagera, iliamua kwamba mwanamke anaweza kuuza shamba la ukoo alilorithi kama mwanamume anavyoweza. Lakini mama mwenye kesi yake mwenyewe anahitaji msaidizi wa kisheria, hasaidiki na mtunga hadithi. Mtangazaji mzuri husema hivyo hewani, na parokia nzuri inajua wa kumpeleka kwake.

Sauti hupita

Sasa tufike mahali kazi inapokwama. Tuseme bwana shamba mstaafu ameandika kijitabu kuhusu mnyauko wa migomba, ule ugonjwa wa bakteria ulioingia Kagera katika miaka ya 2000 na kuziacha kaya nyingi bila chakula wala fedha. Anakuja redioni. Anaeleza vizuri: ondoa ua dume linaloning'inia chini ya mkungu mara vichane vinapokamilika, tumia mti wenye panda, usitumie panga, panga lililokata mgomba mgonjwa liunguzwe motoni au lisafishwe kwa dawa kabla halijagusa mwingine, mgomba mgonjwa ung'olewe.

Msikilizaji anaitikia kwa kichwa. Baada ya siku tatu yuko shambani na panga mkononi. Je, ua huondolewa kabla ya kichane cha mwisho au baada yake? Dawa ya kusafishia panga ilikuwa ipi? Redio imekwisha kuzungumzia mambo mengine. Picha iliyoko ukurasa wa tisa wa kile kijitabu ingemjibu mara moja, lakini kijitabu kiko kwenye mfuko wa mwandishi, naye amekwisha kurudi kwake.

Redio huamsha hamu, kitabu hutunza maarifa. Kimoja hakifanyi kazi ya kingine. Redio bila kitabu ni mvua juu ya mwamba. Nacho kitabu bila redio ni mbegu ghalani: kipo, lakini hakuna ajuaye kwamba kipo.

Nchi yetu ilikwisha kulijaribu

Hatusemi jambo geni. Tanzania ilikwisha kuunganisha redio, kitabu na kikundi kwa kiwango ambacho nchi nyingine zilikuja kujifunza. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliandaa vipindi vya redio na vitabu vya kusomea, na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 wakapewa mafunzo. Kwa wiki 12 watu karibu milioni mbili walikutana mara moja kwa wiki, chini ya mwembe, shuleni au ukumbini. Waliendesha mambo kwa utaratibu huu: kusikiliza kipindi, kusomewa sehemu ya kitabu inayohusika, kujadili, kisha kukubaliana jambo la kufanya kabla ya wiki ijayo.

Matokeo yalionekana kwa macho. Vilichimbwa vyoo mamia kwa maelfu, yakafukiwa madimbwi ya mbu, na watu wakaanza kuchemsha maji ya kunywa. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai kwa mtindo ule ule.

Kumbukeni kwamba wakati huo Watanzania wengi watu wazima walikuwa hawajui kusoma. Kitabu hakikuwashinda, kwa sababu katika kila kikundi alikuwapo mmoja wa kuwasomea wenzake. Ni kama yule Mwethiopia wa Matendo ya Mitume aliyekuwa akisoma garini mwake bila kuelewa, mpaka Filipo alipopanda na kuketi naye. Kusoma kulihitaji mwenzi.

Basi tukiuliza kwa nini vipindi vingi vya leo vya waandishi havizai matunda kama yale, jibu haliko studioni. Vipindi vipo, na baadhi ni vizuri sana. Kinachokosekana ni zile sehemu mbili nyingine: nakala na kikundi. Na hizo hazihitaji mtambo wa redio. Zinahitaji kamati.

Mzee aliyengoja miaka 35

Yupo mwandishi ambaye maisha yake yanatufundisha gharama ya kuchelewa. Aniceti Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896. Alisoma katika Seminari ya Rubya, iliyoko leo wilaya ya Muleba, majirani wa Biharamulo. Huko alijifunza Kilatini na Kijerumani, kisha akarudi kisiwani kuishi maisha ya kawaida ya mtumishi wa misheni. Akitiwa moyo na Padre Almas Simard, mmisionari kutoka Kanada, aliandika kwa Kikerewe riwaya ndefu kuhusu Myombekere na mkewe Bugonoka, watu waliopendana na kuteseka kwa kukosa mtoto. Aliimaliza mwaka 1945.

Hakuna aliyeichapisha. Kikerewe kilionekana ni lugha ya watu wachache mno. Miaka ikapita, mzee akaugua viungo, na hatimaye akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House iliitoa mwaka 1980, miaka 35 baada ya kuandikwa. Kitereza alifariki mwaka 1981 kabla hajakishika mkononi kitabu chake kilichochapwa. Baadaye kilitafsiriwa kwa Kijerumani, na mwaka 2002 kikatoka kwa Kiingereza, kazi ya Gabriel Ruhumbika, naye mwana wa Ukerewe.

Hatujui ni akina Kitereza wangapi wako kwetu leo. Katekista mstaafu aliyeandika historia ya kigango chake katika madaftari manne. Mwalimu aliyekusanya methali za Kihangaza na Kishubi. Mama aliyeandika aliyoyaona mwaka 1994: watu wa namna hii wapo karibu kila parokia, na wajumbe wa kamati wanawafahamu kwa sura. Mmoja wao akipewa dakika thelathini redioni, na watu ishirini wakakisoma kitabu chake kisha wakamrudishia maneno, ataandika cha pili. Akipewa dakika thelathini na kimya, huenda hata cha kwanza kitaliwa na mchwa.

Tunaandika hivi tukiwa na furaha kwamba milango inafunguka. Tangu mwaka 2023 ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Mwaka 2022 kampuni ya Mkuki na Nyota ilitoa Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Vitabu vizuri vya Kiswahili vinatoka. Jambo lililobaki ni vifike Kabanga na Nyakahura, na vikute watu wanavingoja.

Fedha ya mchango inunue nini

Hapa tunaomba kusema ukweli kwa upole, kwa wafadhili na kwa kamati pia.

Wengi wetu tumeliona lile kabati. Limejaa vitabu vilivyosafirishwa kutoka mbali kwa moyo mwema: kamusi kubwa za zamani, riwaya za Kiingereza, vitabu vya kompyuta ambazo hazitengenezwi tena. Kila kitabu ni nakala moja. Kabati limefungwa, na ufunguo anao mtu aliyesafiri. Hatuwalaumu waliotuma; waliombwa vitabu wakatuma vitabu. Lakini nakala moja moja za vitabu mia nne haziwezi kujenga kikundi cha kusoma, kwa sababu hakuna watu wawili wanaosoma kitu kimoja wakapata la kuzungumza.

Linganisheni na hesabu hii. Tuseme kitabu cha Kiswahili kinauzwa shilingi 10,000. Nakala 20 ni shilingi 200,000. Nakala hizo, zikigawanywa mbili mbili kwa Jumuiya Ndogo Ndogo kumi, zinaweza kusomwa na kaya nyingi kwa miezi mitatu. Mwandishi amelipwa kwa jasho lake, mchapishaji amepata sababu ya kutoa kitabu kingine, na siku mwandishi akikaa redioni, wanaopiga simu ni watu waliosoma.

Kwa hiyo tunawaomba wafadhili: mnapotaka kutusaidia kwa vitabu, tupeni nafasi ya kuchagua, na mtuwezeshe kununua nakala nyingi za kitabu kimoja kutoka kwa wachapishaji wa hapa nchini. Wapo wachapishaji wa makanisa kama Ndanda, TMP ya Tabora na Central Tanganyika Press ya Dodoma, na wapo wa kawaida wa Dar es Salaam. Nanyi wajumbe wa kamati, acheni ile desturi ya kumwomba mwandishi nakala za bure kwa kuwa ni mtoto wa nyumbani. Fundi wa parokia hulipwa, na aliyeshona mavazi ya kwaya hulipwa. Aliyeandika naye alipwe.

Tahadhari

Si kila kitabu kinafaa kupandishwa hewani bila maandalizi. Kitabu cha dawa kinachodai kuponya UKIMWI au kisukari kwa mizizi kinaweza kumfanya mtu aache dozi yake. Kitabu cha historia kinachogawa watu wa mpakani kuwa wema na waovu kwa kabila zao kinaturudisha tulikotoka. Katika mambo hayo mtangazaji hana budi kukisoma kwanza, na ni busara kumwalika mganga wa wilaya au mwalimu wa historia akae pamoja na mwandishi. Kukialika kitabu si kukibariki. Ni kukiweka mbele ya watu ili kijibu maswali.

Tahadhari ya pili ni kwetu sisi watu wa dini. Tusigeuze kipindi cha vitabu kuwa mahubiri mengine. Tuna nafasi zetu za kuhubiri. Msikilizaji Mwislamu wa Biharamulo mjini, Msukuma mfugaji wa Lusahunga na Mkatoliki wa Rulenge wote wanafuga kuku, wana watoto shuleni na wanapenda hadithi nzuri. Kitabu kiwe meza ya wote.

Kamati inaweza kufanya nini robo hii

Tunapendekeza hatua tano, zote ziko ndani ya uwezo wa parokia.

1. Chagueni kitabu kimoja tu cha Kiswahili, kifupi, kinachogusa maisha ya watu wenu. Wajumbe wawili wakisome chote kabla ya kununua.

2. Nunueni nakala 10 hadi 20. Andikeni kila nakala namba, na mwekeni daftari la kuazimisha lenye jina, tarehe ya kutoka na tarehe ya kurudi. Mtunzaji awe mtu anayekaa kijijini siku zote.

3. Undeni kikundi kimoja cha kusikiliza na kusoma chenye watu 10 hadi 15, nusu yao wakiwa wanawake, na awemo anayesoma kwa sauti vizuri. Redio moja inatosha.

4. Andikieni kituo cha redio cha eneo lenu barua ya heshima, mkipendekeza mwandishi aalikwe na mkiahidi kuleta maswali matatu kutoka kwa waliosoma. Barua ya namna hiyo itamrahisishia mtangazaji kazi.

5. Baada ya kipindi, kutaneni tena wiki ile ile. Ulizeni: tumejifunza nini, na tutafanya nini? Andikeni jibu katika muhtasari wa kamati, hata kama ni la mstari mmoja.

Mkipata mwandishi wa kwenu mwenye madaftari, mwelekezeni. Namba ya utambulisho wa kitabu, ile iitwayo ISBN, hutolewa hapa nchini na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Asikimbilie kulipa mtu wa kati kwa jambo hilo kabla ya kuuliza.

Neno la mwisho

Zamani za kampeni ile ya 1973, mtambo wa redio ulikuwa Dar es Salaam, mbali kabisa na vilima vyetu, lakini vyoo vilichimbwa vijijini. Sababu ni kwamba mtu fulani, ambaye jina lake halikutajwa redioni, alibeba redio na kitabu hadi chini ya mwembe, akawaita majirani, akafungua ukurasa.

Mtu huyo ndiye tunayemtafuta katika kila parokia ya Ngara na Biharamulo. Mwandishi ataandika, na mtangazaji ataliza saa ya kipindi. Ninyi, ndugu wajumbe, andaeni benchi na nakala. Nanyi mnaochangia, mtusaidie nakala hizo zisiwe moja moja.

Tungependa kusikia kutoka kwenu: ni kitabu gani parokia yenu imekichagua, na watu walisema nini baada ya kukisoma?